Naomba ushauri: naipenda Morocco, naambiwa msaliti

Habarini wakuu. Mimi ni Mtanzania, na Taifa Stars ndiyo timu yangu. Ila Kombe la Dunia 2022 Morocco waliniteka. Waliwatoa Hispania kwa penalti, kisha kichwa cha En-Nesyri kikawamaliza Ureno 1-0. Timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali! Nilipomwona mchezaji wao Boufal akicheza na mama yake pale uwanjani, nililia. Nikanunua jezi yao nyekundu.

Shida ilianza tarehe 17 Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule San Pédro, Ivory Coast, Stars ikikutana na Morocco. Nilivaa jezi ya Stars, nikashangilia Stars, tukafungwa 3-0. Niliumia sana. Lakini kibanda umiza kizima tulikoangalia mechi kikanigeukia: "Furahi basi, wenzako wameshinda." Tangu siku hiyo kila Morocco wakicheza natupiwa maneno, na mwanangu wa miaka tisa ameniuliza, "Baba, kwani wewe wa wapi?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Sioni kosa kushangilia Waafrika wenzetu wanapocheza na wengine. Waliopitia hali hii, mtoto nimweleze vipi? Na jezi niendelee kuivaa mtaani, au iishie ndani?