Msimu wa pili wa House of the Dragon: mbona hakuna anayetenda ubaya kwa kukusudia?

MkeshaJumatatu (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimemaliza kuutazama kwa mara ya pili msimu wa pili wa tamthilia ya House of the Dragon, sehemu zote nane, kuanzia ile iliyooneshwa tarehe 16 Juni 2024 hadi ya mwisho ya tarehe 4 Agosti, na bado moyo haujatulia. Mara ya kwanza nilinung'unika kama walivyonung'unika wengi: kwamba tulisubiri karibu miaka miwili tangu msimu wa kwanza uishe, tukapunguziwa sehemu kutoka kumi hadi nane, kisha tukaachwa gatini, merikebu zimeshatweka matanga na majeshi yako njiani, bila kuoneshwa vita vyenyewe. Mara hii ya pili nimegundua kwamba kero yangu haitokani na uhaba wa vita. Sehemu ya nne, pale Rook's Rest ambapo Rhaenys anamgeuza joka wake Meleys kuyarudia mapambano akijua wazi kwamba hatarudi nyumbani, inanitosha kwa msimu mzima.

Kinachonikera ni kwamba katika hadithi hii ya watu wa ukoo mmoja wanaouana kwa ajili ya kiti cha enzi, karibu kila jambo kubwa linatokea kwa bahati mbaya, kwa kusikia vibaya, au kwa agizo ambalo halikusemwa hadi mwisho. Tazameni mnyororo wenyewe. Mfalme Viserys akiwa kufani anamdhania mkewe Alicent kuwa ni binti yake Rhaenyra, anaitaja ndoto ya Aegon Mshindi, na Alicent anaelewa kwamba mumewe amebadili wasia na kumrithisha mwanawe, naye Aegon. Yaani vita vya ufalme mzima vimezaliwa na watu wawili kuitwa jina moja! Kisha Aemond, mwana mwingine wa Alicent, anamwinda mpwa wake Lucerys, mwana wa Rhaenyra, angani karibu na Storm's End kwa nia ya kumtisha tu, joka wake Vhagar anagoma kutii, na mtoto anakufa pamoja na joka wake. Msimu wa pili unaanza kwa Rhaenyra kutaka Aemond auawe kwa kisasi. Daemon, mumewe, anawatuma wauaji wawili, wanamuuliza itakuwaje wasipompata, na picha inakatwa kabla hajajibu. Usiku huo anayekufa ni Jaehaerys, mwana mdogo wa Aegon na mkewe Helaena, aliyekuwa kitandani.

Waliosoma kitabu wanakumbuka jinsi tukio hilo lilivyo kule. Helaena ana watoto watatu, na wauaji wanamlazimisha amchague mmoja wa wanawe wawili. Anajitoa yeye mwenyewe, wanakataa. Mwishowe anamtaja Maelor, aliye mdogo zaidi. Nao wanamuua Jaehaerys, lakini si kabla ya kumnong'oneza yule mdogo kwamba mama yake ndiye anayetaka afe. Mama anaachiwa mtoto ambaye hawezi tena kumtazama usoni. Katika tamthilia Maelor hajazaliwa kabisa. Helaena anaoneshwa pacha wawili waliolala, anaonesha ni yupi wa kiume, kisha anambeba binti yake na kukimbia. Sauti ya tukio lile inatisha, sikatai, lakini hatia ambayo ingemtafuna Helaena msimu mzima imeondolewa.

Je, ni mimi peke yangu ninayeona kwamba waandishi wanawahurumia mno wahusika wao, hasa Rhaenyra na Alicent, kiasi cha kuwanyima haki ya kukosea kwa makusudi?

Mzee wa Maktaba

Ndugu MkeshaJumatatu, hoja yako ina uzito, lakini nakuomba ukumbuke kitabu chenyewe ni cha namna gani. Fire & Blood, kilichotoka mwaka 2018, si riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama tarikh ya wafalme, na mwandishi wake wa kubuni anakusanya maneno ya mashahidi wasioelewana: kuhani mwenye upendeleo wake, mwanachuoni wa kasri, na Mushroom, mchekeshaji ambaye daima ana toleo chafu zaidi la kila kisa. Sisi tuliowahi kusoma Habari za Pate hatushangai. Humo nako nakala moja inakuambia sultani huyu alitawala miaka kadhaa, na nyingine inakupa hesabu tofauti kabisa. Kwa hiyo Ryan Condal, mwandishi mkuu wa tamthilia, anapotuambia kwamba Alicent alisikia vibaya, yumo ndani ya nafasi iliyoachwa wazi na tarikh. Hakuna shahidi aliyekuwamo chumbani.

Juu ya Maelor, hata hivyo, uko pamoja na mwenye kitabu. Mwanzoni mwa Septemba 2024 George R. R. Martin alichapisha kwenye ukurasa wake maelezo marefu ya kulalamikia kuondolewa kwa mtoto huyo, kisha muda mfupi baadaye maelezo hayo yakafutwa. Alieleza kwamba sababu aliyopewa ilikuwa ya kiutendaji: gharama, na ugumu wa kufanya kazi na mtoto mdogo sana mbele ya kamera. Hoja yake kuu haikuwa kwamba tukio la usiku ule limeharibika pale pale. Alihofia yatakayofuata, kwa sababu mambo yatakayompata Helaena baadaye yanategemea mtoto huyo kuwepo. (Sitayataja, kwa heshima ya wasiosoma.)

Ukipenda kuangalia jikoni, yako mengine ya kuzingatia. Miguel Sapochnik, aliyeongoza uzalishaji pamoja na Condal katika msimu wa kwanza, aliondoka. Upigaji picha ulianza Aprili 2023, na mwezi uliofuata waandishi wa Marekani wakagoma; kazi haikusimama, kwa kuwa miswada ilikuwa imekamilika na waigizaji walifanya kazi chini ya chama cha Uingereza. Watu wengi husema ndiyo sababu ya sehemu kupungua, na wanakosea, maana uamuzi wa sehemu nane ulikuwa umefikiwa kabla ya mgomo. Mgomo uliathiri jambo jingine: mwandishi anayegoma hawezi kukaa pembeni ya seti akirekebisha tukio ambalo limekataa kusimama. Mimi nadhani alama za jambo hilo zinaonekana, hasa katika sehemu ya tatu, pale Rhaenyra anapovaa nguo za utawa na kupenya hadi hekaluni katikati ya mji wa adui ili akazungumze na Alicent. Mazungumzo ni mazuri. Safari ya kuyafikia haiaminiki hata kidogo.

BintiMakadara

Ninaafikiana na mleta mada kuhusu nusu ya kwanza ya msimu tu. Kaka, hebu itazame tena sehemu ya saba. Rhaenyra anahitaji wapanda joka, kwa hiyo anawaita watu wa damu ya Targaryen, ukoo wa kifalme, waliozaliwa nje ya ndoa, wahunzi, walevi na vibarua wa mji mkuu wa King's Landing, wanavushwa kwa mashua hadi kisiwa chake cha Dragonstone, na anawaingiza pangoni kwa joka Vermithor. Mwanawe Jacaerys amemkataza. Walinzi wa majoka, waliotumia maisha yao yote katika kazi ile, wameona ni kufuru na wamempa mgongo. Anajua vilevile, kwa sababu mlinzi wake Ser Steffon Darklyn ameshaungua mbele ya macho yake katika sehemu iliyotangulia. Anaendelea. Watu wanachomwa kwa makumi, na yeye anatazama kutoka juu. Kisha Hugh na Ulf wanapopata majoka, uso wake unapata nuru ya mtu ambaye dua yake imekubaliwa. Hapo hakuna aliyesikia vibaya. Ni malkia aliyepiga hesabu, na waliotolewa katika hesabu ni maskini.

Hilo ndilo lililonifanya niupende msimu huu kuliko wa kwanza, ambao ulikuwa wa kasri kwa kasri. Safari hii tumeshuka mitaani. Mmoja wa wauaji wa mtoto wa mfalme ni mwinda panya, Aegon anawanyonga wawinda panya wote wa kasri, na wake zao wanakuja kuililia miili ukutani. Bahari inafungwa, chakula kinaadimika, Hugh mhunzi anadai malipo ya kazi aliyoifanyia serikali huku binti yake akiwa mgonjwa ndani. Kichwa cha Meleys kinatembezwa barabarani ili watu washangilie ushindi, na watu wanakitazama kimya, kwa kuwa wanachokiona ni mkosi. Kisha Rhaenyra anawapelekea mashua za vyakula, kwa ushauri wa mshauri wake Mysaria, na mji unachafuka. Siku chache baadaye wale wale aliowalisha ndio anaowaita kwenye moto. Ukiliweka hili karibu na lile, utaona kwamba waandishi hawakumhurumia kiasi unachofikiri.

Na Aemond je? Kule Rook's Rest ndugu yake, mfalme wake, yuko mbele yake angani akipambana, naye anamwamuru Vhagar ateme moto uwapate wote. Baadaye anamwendea chini na upanga mkononi. Kama hilo nalo ni ajali, basi sijui kusudi linafananaje.

Fundi wa Taa

Nina machache. Wote mmemsahau Daemon, aliyelala kasri la Harrenhal tangu sehemu ya tatu akiota ndoto. Matt Smith ni mwigizaji hodari, Simon Russell Beale akiwa Simon Strong alinichekesha kila alipofungua mdomo, na kurudi kwa Milly Alcock kama Rhaenyra wa ujanani kulinigusa. Hata hivyo ndoto ya kwanza ilinieleza kwamba mtu huyu anaonewa wivu na nafsi yake. Za pili, tatu na nne zilirudia maneno yale yale. Katika msimu wa sehemu nane, huo ni ubadhirifu.

Kuhusu vita vya baharini vya Gullet, Condal alisema vimesogezwa mbele ili vipate muda na nguvu vinavyostahili, na kwamba tamthilia yote itakuwa ya misimu minne. Nalikubali hilo. Ila mwisho wa msimu unapaswa kufunga mlango mmoja kabla ya kutuonesha mingine.

Mzee wa Maktaba

Dada BintiMakadara amenifungua macho kwa ile sehemu ya saba. Naongeza moja tu, kwa kuwa linagusa swali la asili. Martin aliijenga habari hii juu ya vita vya kweli vya Uingereza. Mrithi wa kiume wa Mfalme Henry wa Kwanza alizama na merikebu mwaka 1120, mfalme akawaapisha wakuu wake kwamba watamtii binti yake Matilda, na alipofariki mwaka 1135, Stephen, mpwa wake, akawahi kuvikwa taji. Vita vikaendelea hadi 1153. Sasa, wakuu waliomvika Stephen taji walijua fika kiapo walichokula. Hapo nakubaliana nawe, ndugu MkeshaJumatatu: kiapo kinachovunjwa na mtu mwenye akili timamu ni hadithi kubwa kuliko jina lililosikika vibaya. Otto Hightower, baba yake Alicent, ndiye pekee aliyebaki na hatia hiyo ya asili, na msimu huu wamempokonya cheo mapema na kumtoa mbele ya macho yetu.

Nahodha Mstaafu

Mbona hakuna anayeitaja sehemu ya mwisho? Alicent anakwenda Dragonstone kwa siri na kumwambia Rhaenyra kwamba Aemond akishaondoka kwenda vitani, Helaena ataachiwa mji, na malango yatafunguliwa. Rhaenyra anamjibu kwamba hilo halitoshi, sharti kichwa cha Aegon kianguke. Mtoto kwa mtoto. Alicent anasita, kisha anakubali. Ndugu mleta mada, uchaguzi uliokuwa unautafuta kwa Helaena katika sehemu ya kwanza uko pale. Haukufutwa. Umehamishwa kutoka kwa binti hadi kwa mama yake, na umewekwa mwishoni ili msimu uanze na kumalizika kwa mama kulazimishwa kumtoa mwanawe. Tena Helaena alishikiwa kisu, ilhali Alicent alipanda mashua mwenyewe.

MkeshaJumatatu (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Kwa BintiMakadara nasalimu amri: nilikuwa nikiangalia wenye mataji tu, na sehemu ya saba niliitazama kama tamasha la moto badala ya kuangalia uso wa Rhaenyra. Kuhusu Aemond pia nimekosea.

Ndugu Nahodha, hoja yako ndiyo iliyonikesha jana. Nililirudia tukio lile mara tatu, na Olivia Cooke, anayemwigiza Alicent, analibeba kwa ukimya tu, kabla ya kutamka neno lolote. Lakini angalieni kinachooneshwa karibu na tukio hilo. Larys, mshauri wa kasri, amekwisha kumshawishi Aegon, akiwa na majeraha yake yote, wakimbilie Braavos, nao wameshapakizwa kwenye gari wanatoka mjini. Alicent ameuza bidhaa ambayo haimo tena ghalani, na hajui. Waandishi wamempa uchaguzi mzito kuliko wote, kisha wakauchomoa mkononi mwake dakika ile ile alipoufanya. Akirudi nyumbani akute kitanda cha mwanawe kitupu, je, atahuzunika au atashusha pumzi? Wakinionesha uso wake wakati huo, na wakauacha hapo bila kuukata, nitaufuta uzi huu kwa mkono wangu mwenyewe.