Nimeuziwa gitaa la umeme bovu hapa Lubumbashi, halafu muuzaji anasema ubovu uko kwenye vidole vyangu

Ndugu zangu wapiga gitaa, nimekaa wiki tatu bila kuandika neno kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza, lakini kila jioni nikilishika gitaa hili hasira inarudi palepale, kwa hiyo naona ni heri niyaseme hadharani. Mwezi wa saba nilinunua gitaa jipya la umeme pamoja na amplifaya yake ndogo, vyote kwa dola 210, katika duka moja la katikati ya mji ambalo sitalitaja. Fedha hizo nilizidunduliza kwa miezi minane kutoka katika mshahara wa ualimu. Nimepiga gitaa la kawaida katika kwaya ya parokia yetu kwa miaka 11, na ninajua jinsi uzi unavyofungwa na unavyosikika ukiwa mzima.

Siku ile dukani hapakuwa na umeme. Muuzaji aliniapia kwamba gitaa limekwisha kupimwa na kurekebishwa, kwamba kazi yangu ni kulichomeka tu na kupiga. Nilimwamini kwa kuwa alisema mbele ya wateja wengine watatu, na sikudhani mtu angeweza kusema uongo wa waziwazi namna hiyo.

Nilipofika nyumbani, kodi ya kwanza (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) niliyobonyeza karibu na kichwa cha gitaa ilinikata vidole. Nikachukua rula ya shule, nikapima pale kwenye freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha 12 kinachokatiza shingo: uzi mnene ulikuwa umeinuka milimita 4 juu ya chuma, wakati gitaa la umeme lililowekwa vizuri huwa na takriban milimita 2 kwa uzi huo na 1.5 kwa uzi mwembamba. Kisha nikabonyeza uzi uleule kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, ili uzi wenyewe uwe rula, nikatazama pengo lililobaki katikati ya shingo. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Shingo isiyo na kasoro hupitisha karatasi mbili au tatu hapo. Yangu ilipitisha tisa bila kugusa, nami nilizihesabu mara mbili nikiwa nimepiga magoti karibu na taa ya sola, mke wangu akiniangalia kimya.

Mnaojua mtaelewa maana yake: shingo imepinda. Nyuzi sita za chuma zikikazwa hadi sauti yake huvuta shingo kwa nguvu inayopita kilo 40, na ndiyo maana ndani ya shingo hufichwa ufito wa chuma unaokazwa kwa ufunguo wa pembe sita ili uupinge mvuto huo. Ufunguo huo ni kitu cha bei ndogo, na kwa kawaida huja pamoja na gitaa. Ndani ya boksi langu haukuwamo. Niliporudi kuuomba nikaambiwa hawajawahi kuuona, nikaishia kuununua kwa wauza vipuri vya baiskeli, baada ya kujaribu vipimo vinne nikiwa nimebeba gitaa mgongoni. Nilikaza robo ya mzunguko tu kila jioni, nikarudisha nyuzi kwenye sauti yake, nikaliacha lilale, nikapima tena kesho yake. Siku ya nne zikabaki karatasi tatu. Hapo ndipo nilipoweza kushusha vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi, kimoja kimoja.

Sauti nazo hazikukubaliana. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, kwa hiyo noti inayobonyezwa hapo lazima iwe ileile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Kwangu sauti ya uzi wa tatu ilikuwa imepanda kiasi kwamba hata binti yangu, ambaye hajasoma muziki, alikunja uso. Dawa yake ni kurudisha nyuma kile kipande cha daraja ili uzi urefuke kidogo, kazi ya bisibisi na dakika 20. Nauliza: mtu aliyelipima gitaa hili alipima nini?

Lakini yote hayo ningeyasamehe kama si habari ya umeme. Katika mtaa wetu umeme hurudi usiku sana, na uliporudi saa tano nikawasha amplifaya, ikanguruma kuliko gitaa lenyewe. Nikagusa nyuzi, mngurumo haukubadilika. Nikagusa chuma cha tundu la waya, ukapungua mara moja. Hiyo ni dalili kwamba nyuzi hazijaunganishwa na waya wa ardhi wa gitaa. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Ule waya mweusi unaopaswa kushikana na daraja ulikuwa unaning'inia, ncha yake imepondwa bapa chini ya mbao, haijawahi kuguswa na risasi ya kulehemu hata tone. Na plagi ya amplifaya, ambayo ilikuja na meno matatu, jino la tatu, lile la ardhi, lilikuwa limekatwa kwa msumeno ili iingie kwenye soketi za dukani kwao.

Tafadhali mlisome jambo hili taratibu. Waya ule ukishaunganishwa vizuri, nyuzi huwa zimeungana na mwili wa chuma wa amplifaya. Amplifaya isiyo na ardhi ikiharibika ndani, umeme wa volti 220 unaweza kufika mikononi mwa mpigaji, na binti yangu wa miaka 13 ndiye hulishika gitaa hili kabla yangu kila jioni. Sikulehemu chochote mpaka fundi alipofunga plagi mpya na kuhakikisha kwamba ardhi ya nyumba yetu inafanya kazi.

Nilirudi dukani na picha zote. Jibu nililopewa ni hili, neno kwa neno: "Papa, gita iko mupya, vidole byako njo habiyazobelea," yaani gitaa ni jipya, vidole vyangu ndivyo havijalizoea. Mwenzake akaongeza kwamba ni ukavu wa kiangazi. Ni kweli kwamba hapa mvua hukatika kuanzia Mei hadi Septemba na mbao hunywea. Ncha za freti zangu zimechomoza pembeni mwa shingo, na zimeshamkwaruza mtoto. Lakini kiangazi hakilehemu wala hakikati plagi, na mfanyabiashara aliyezaliwa katika mji huu anakijua kiangazi kabla sijamweleza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda pale Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na tangu hapo watu wa mbali wamejifunza gitaa kwa kusikiliza kidole gumba na cha shahada cha kijana wa kwetu. Leo kijana wa Katuba au wa Kenya, komini za hapa Lubumbashi, akinunua gitaa lenye nyuzi zilizoinuka milimita 4 ataambiwa hana kipaji, ataliacha ukutani, na hakuna atakayejua kwamba kasoro ilikuwa robo chache za mzunguko wa ufunguo.

Jumamosi hii narudi tena. Ninachodai ni dola 35 nilizotumia kwa fundi, plagi na nyuzi mpya, na wayaondoe madirishani magitaa mengine sita ya aina hiyohiyo mpaka yafunguliwe nyuma na kukaguliwa. Yeyote aliyenunua gitaa jipya mjini mwaka huu, naomba afungue kile kifuniko leo, amplifaya ikiwa imechomolewa, aandike hapa chini alichokuta kwenye ule waya mweusi na kwenye plagi yake, ili nisiende peke yangu.