Mafuta yamepanda tena: wa Dodoma tupeane uzoefu wa kubana lita

Mzee wa Ihumwa: Mbukwenyi wakuu. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitoa bei kikomo, kesho yake barabara ya Mtumba, kwenye ofisi za serikali, unaona Toyota IST moja ina watu wanne na tai zao. Na sisi tunalipia pia usafiri wa mafuta kutoka bandarini. Tupeane uzoefu, ila njooni na namba.

Fundi Chang'ombe: Pima kwanza. Jaza mpaka bunduki ya pampu ikate yenyewe, rudisha tripu ya dashibodi sifuri, tembelea nusu tenki, rudi pampu ileile ujaze mpaka ikate tena. Tripu kilomita 210, zimeingia lita 15: gari linakwenda kilomita 14 kwa lita. Kuangalia mshale ni kupiga ramli.

binti_area_d: Fultenki tena? Ya elfu kumi ndiyo iliyopo mkuu 😅

Fundi Chang'ombe: Weka hiyo, ila usiishi kwenye taa ya mafuta. Pampu ya gari iko ndani ya tenki, inapozwa na mafuta hayohayo.

Vumbi la Nzuguni: Badilisheni chujio la hewa, ndilo linalokula mafuta.

Fundi Chang'ombe: Kwa bodaboda ya kabureta, sawa, plagi inakuwa nyeusi tii. Gari la EFI, la sindano badala ya kabureta, kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta, utakosa nguvu kwanza. Mchawi ni thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, fundi anaing'oa na kuitupa. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inamwaga mafuta safari nzima.

Vumbi la Nzuguni: Nchi ya joto hii, thamostati ya nini?

Fundi Chang'ombe: Njoo saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba uniambie hiyo nchi ya joto.

Semi Tela: Nyie bishaneni. Kuna wanaoteremka mlima Sekenke wametoa gia na kuzima injini eti wanaokoa dizeli. Sikilizeni. Injini ikizima, kompresa haijazi hewa ya breki. Kila ukigusa breki geji ya hewa inashuka na hairudi. Usukani unakuwa mzito. Huna gia ya kukushika, kwa hiyo breki zinabeba tani zote peke yake, zinapata moto, zinaanza kunuka, halafu unakanyaga na hazishiki. Gari dogo nalo hivyohivyo: ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa jiwe. Anayechomoa ufunguo ndiyo kabisa, usukani unajifunga konani.

binti_area_d: Mungu wangu. Na kuweka free, yaani kutoa gia tu, bila kuzima?

Semi Tela: Hasara pia. EFI ikiwa kwenye gia umeachia pedali ya mafuta, inakata mafuta ya sindano kabisa. Ukiweka free inachoma ili isizime.

boda_nkuhungu: Ya kabureta haikati, mimi naendelea na free yangu 😂

Semi Tela: Breki unazo lakini?

Mzee wa Ihumwa: Turudi kwenye mada. Hao wanne wa Mtumba?

Mhasibu Ilazo: Zungusheni magari kwa wiki, msitozane nauli. Ukianza kuokota abiria njiani hiyo ni biashara: LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, watakuuliza leseni, na bima binafsi haikulindi.

Kibaigwa Kwetu: Kuelekea Morogoro upepo unakupiga usoni. Shusha mwendo kutoka 110 hadi 80, pima tena.

binti_area_d: Fundi, thamostati ninunue ipi?

Fundi Chang'ombe: Soma namba kwenye ya zamani; Toyota nyingi ni nyuzi 82. Ukishafunga, jaza kulanti injini ikiwa baridi, washa injini huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, halafu ufunge. Baada ya hapo, injini ikiwa ya moto usiufungue huo mfuniko.