Bendi ya kukopi Tabora Jazz: ya Dar, vijana wa hapa au kinanda?

KijanaWaIsevya: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mzee wetu anastaafu, tunataka jioni yake hapa Tabora zipigwe nyimbo za ile bendi ya zamani ya dansi, Tabora Jazz tupu, jukwaani kama enzi za mtindo wao wa Segere Matata. Wapiga kopi, yaani wa kuziiga nyimbo zao, nimepata wa aina tatu: bendi ya Dar, vijana wa hapa mjini, na jamaa wa kinanda mwenye flashi. Nichukue wapi?

Gitaa_Ridhim: Bajeti? Ukumbi? Watu wangapi? Hujasema chochote halafu tukuchagulie. Kinanda futa. Dansi lile ni solo, ridhim na besi kujibizana; kinanda kitajibizana na nani?

BiKanyenye: Usimdharau wa kinanda, mwanangu. Sendofu ya mjukuu wangu alipiga yeye, tukacheza mpaka viatu tukavua. Wazee wanakuja kucheza, hawaji kukagua magitaa.

Mwisho_wa_Reli: Ngojeni niwape yaliyotukuta. Harusi ya dada yangu Kasulu, tukakodi bendi kutoka mbali, tukatuma nusu ya pesa na nauli za watu tisa. Saa kumi jioni kimya. Saa kumi na mbili simu hazipokelewi. Saa tatu usiku wanashuka wanne, mmoja wao "meneja". Mpiga drams eti kapata dili jingine! Wakachomeka simu kwenye mixer, wakawa wanaimba juu ya muziki uliorekodiwa. Wimbo wa pili tu, mtu akaipigia ile simu. Muziki kata, spika zinaita ukumbi mzima. Watu wamecheka, bibi harusi analia. Na nusu iliyobaki wakaidai vilevile. Nenda kawasikilize mazoezini kabla hujatoa senti, na idadi ya wapigaji iandikwe kwenye mkataba.

Gitaa_Ridhim: Pole mkuu. Ila kopi nayo ina madaraja. Ughaibuni kuna makundi yanakula kwa kuiga bendi ya roki AC/DC, wale walioanzia Sydney 1973. Mpiga solo anavaa kaptula na tai ya shule kama Angus Young, mwimbaji kofia kama Brian Johnson. Wengine wamejifunga enzi za mwimbaji wa kabla yake tu, Bon Scott, aliyefariki 1980. Nyimbo za baada yake hawagusi. Sasa mzee wako anataka Tabora Jazz ipi? Kabla ya mwimbaji Shem Karenga kujiunga au baada?

Mwisho_wa_Reli: Shem mlimchukua kwetu. Alianzia Lake Tanganyika Jazz, Kigoma.

Gitaa_Ridhim: Na jina akalipatia wapi? Tabora, mjomba.

Ngambo_Asilia: Mmemuuliza mzee lakini? Mji huu ulikuwa na bendi za Nyanyembe na Kiko Kids pia. Mzee wa Kujinafasi, mtindo wa Nyanyembe, ukimpigia Segere jioni nzima, atakaa tu kwa adabu.

KijanaWaIsevya: Bajeti tutaongea inbox wakuu. Ni nyumbani, uwanjani, watu kama mia. Vijana wa hapa magitaa yao safi, tatizo mwimbaji: sauti ya bongofleva, kila neno analivuta.

Gitaa_Ridhim: Uwanjani! Jenereta unalo? Ampu tatu, drams na maiki si mchezo.

BiKanyenye: Ndiyo maana nikasema kinanda.

Ngambo_Asilia: Jenereta liwekwe nyuma ya nyumba, la sivyo mtasikiliza lenyewe.

Mwisho_wa_Reli: Jenereta baadaye. Kwanza tumalize la Shem: mnakubali ni wa Kigoma au hamkubali?