Ukuta wa uani Mkomani: nimesimamishwa kazi, nishaurini

MjukuuWaMkomani: Assalaam alaykum jamani. Marehemu babu ametuachia nyumba Mkomani, Lamu. Ukuta wa nyuma, ulio kando ya kichochoro, ulianguka kwa mvua za masika. Nikaleta fundi na matofali ya saruji, akapandisha kozi (safu) nne. Jana kaja afisa: simamisheni! Hati ninayo, mpaka sijauvuka. Ni kosa gani hilo? Na jirani naye asema nisizidishe urefu wa zamani.

MwashiWaChokaa: Wa alaykum salaam, pole kaka. Afisa hakukuonea. Mji wa kale umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, tena unalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006. Hati yakupa ardhi tu, ruhusa ya kujenga yaombwa. Lakini mimi ugomvi wangu ni hayo matofali. Nyumba hiyo ni ya matumbawe na chokaa. Kuta zake huvuta unyevu chini zikautoa nje. Ukizipaka saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu ikabanduka, jiwe likalika taratibu. Nimebandua nyingi za namna hiyo, na mwenye nyumba huwa amelipa mara mbili. Yale mawe yaliyoanguka yako wapi?

BintiLangoni: Na punda, kaka yangu? Ukisogeza ukuta nje hata shubiri moja, mwenye punda wa mchanga atakukwangulia kila siku. Kuhusu jirani usimdharau. Ukipandisha sana wamzibia upepo. Ukiacha chini mno, wapita njia watawaona wanawake uani. Urefu wa zamani una sababu yake.

Kipwani_Malindi: Huku kwetu mtu huamka akazungusha mabati, jioni kamaliza 😂 Lakini msimuige. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yataka kibali cha kaunti popote. Ukianza bila hicho, faini hufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote. Peleka mchoro kaunti, na kwa Lamu waone watu wa Makumbusho kwanza.

MjukuuWaMkomani: Shukrani. Mawe nusu yapo, nusu tumejazia shimo la choo 😔

MwashiWaChokaa: Nusu hiyo ni mwanzo. Hizo kozi nne zing'oe kabla hazijakauka sawasawa. Jirani umeshamwendea?

MjukuuWaMkomani: Bado.

BintiLangoni: Leo baada ya laasiri, basi. Usiende mikono mitupu.