MREJESHO: Streni geji iliyokuwa "inatembea" bila mzigo

Wakuu, nimerudi. Kwa wasiokumbuka: streni geji yangu ya omu 120 (kihisio kinachobadili ukinzani wake wa umeme kikivutika au kubanwa), niliyoibandika juu ya bapa la alumini lililobanwa upande mmoja, ilikuwa inapandisha namba taratibu hata bila mzigo. Feni ikiwashwa, zinashuka.

Mliosema ni joto, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kubandika geji ya pili chini ya bapa, mkabala na ya kwanza, na kuiunga kwenye mkono wa jirani wa daraja la Wheatstone (saketi ya vikinza vinne inayoonyesha mabadiliko madogo ya ukinzani). Mzigo ukiwekwa, juu panavutika na chini panabanwa, hivyo ishara inakuwa maradufu. Joto linazigusa geji zote sawa, linajifuta lenyewe. Sasa feni iwake, izime, sifuri iko palepale. Raha!

Kusokota waya kulipunguza kelele za umeme (usomaji kurukaruka) kidogo tu. Kilichosaidia zaidi ni kuchukua wastani wa kila milisekunde 20, yaani mzunguko mmoja kamili wa umeme wa hezi 50.

Ambacho hakijakaa sawa: mchoro wa mzigo na usomaji umenyooka, lakini mteremko bado uko chini ya ule wa hesabu. Kupima unene wa bapa kwa maikromita badala ya rula kulipunguza pengo (unene unaingia kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kosa dogo linavimba), ila halijaisha. Nimeamua kukalibrisha (kulinganisha usomaji) kwa mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana na kuandika tofauti hiyo kwenye ripoti. Mwalimu wa maabara ameikubali.