Kaniuzia vichwa vya risasi vibovu, halafu anaisingizia bunduki yangu!

Wakuu, nimevumilia mwezi mzima, leo nasema.

Niko Montana, napiga shabaha kwa bunduki ya Sharps ya 1874, nakala mpya ya ile ya kale: unaweka risasi moja, unafyatua, unatoa ganda, unaweka nyingine. Risasi zake, za saizi iitwayo .45-70, najaza mwenyewe kwa baruti nyeusi. Mwaka jana, kwa yadi 100 na bila darubini, ilikuwa inanipa matundu matano ndani ya inchi mbili.

Mwezi uliopita nikanunua vichwa 100 vilivyomiminwa, kisanduku kimeandikwa greni 500 (uzito wa kila kichwa, kama gramu 32). Matundu yakatawanyika inchi saba! Mawili yalikuwa marefu kama yai, maana kichwa kilifika kwenye karatasi kimeshainama. Jumamosi tatu zimeishia hapo. Nilibadilisha fataki za kuwashia baruti. Nilipima baruti upya, ganda kwa ganda. Kila nikishapiga nilipuliza mtutu kwa kibomba, pumzi tatu nne, unyevu ulainishe masizi (asiyefanya hivyo na baruti nyeusi asitegemee kitu). Wapi!

Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Na hivyo vichwa vyenyewe umevipima?"

Nikaleta mizani. Cha kwanza 501. Cha pili 494. Cha tano 489! Hicho cha tano nikakibana kwenye jiliwa nikakipasua kwa msumeno: ndani, karibu na kitako, upande mmoja kuna tundu la kuingia punje ya choroko. Sasa kitu kinachozunguka kwa kasi ile, upande mmoja mzito na mwingine mtupu, kitanyookaje?

Nikamtumia muuzaji picha. Jibu lake: "Bunduki za kizamani ndivyo zilivyo." Kizamani? Mwaka 1874 kule Creedmoor, New York, Wamarekani waliishinda timu ya Ayalandi pointi 934 kwa 931, wakipiga yadi 800, 900 hadi 1,000, tena kwa Sharps na Remington! Bunduki haina kosa. Aliyemimina ovyo na kufunga kisanduku bila kupima ni yeye.

Vimebaki 60, na vinavyokaribia greni 500 ni 22 tu. Nataka hela yangu yote, na ya posta juu yake. Mwenye kisanduku cha namna hii humu, avipime kabla hajapoteza baruti, aniletee namba zake hapa.